Wanne Wanne hadi Mkwajuni

Fomu ya chama cha kambi za kujitolea ilikuwa na mstari mmoja ulioulizia kazi anayoijua mwombaji. Tumu binti Athman, wa Mambrui, aliandika: uwashi. Hakuongeza neno.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Tangu amalize kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea, alikuwa akifanya kazi na baba yake, Fundi Athman, ambaye hakujaaliwa mtoto wa kiume. Alianza kwa kukoroga chokaa, akaingia kwenye kupanga mawe, na mwishowe baba mtu akawa anamwachia kona, kazi ambayo fundi haachii mtu asiyemwamini. Lakini hayo yalikuwa ndani ya nyua za Mambrui, kwa jamaa na majirani. Kazi za nje Fundi Athman alikwenda peke yake. Watu wakimuuliza nani aliyejenga ukuta fulani, alijibu, "Sisi," na hakufafanua.

Basi Tumu alipopata barua mwezi wa Julai 1987 kwamba amekubaliwa, hakuamini mpaka alipoisoma mara ya tatu. Kambi ingekuwa Mkwajuni, bara ya Malindi, majuma matano. Vijana kumi na wanne kutoka nchi sita wangekuja kujenga zahanati pamoja na wenyeji, bila ujira. Barua ilisema chama kinaamini watu wa mataifa mbalimbali wakishika sepeto pamoja, wataona taabu kushikiana bunduki. Mama yake alilia kidogo. Baba yake alimwambia, "Nenda, lakini ukirudi na ukuta uliopinda usiseme ni wangu."

Kiongozi wa kambi aliitwa Ndirangu, mwalimu kutoka Nyeri, mtu mpole mwenye miwani na faili la karatasi ambalo halikumtoka kwapani. Alimpokea Tumu kwenye shule ya msingi ambayo wangelala, akamtazama, akaangalia karatasi yake, akamtazama tena.

"Dada, mimi nilitarajia mwanamume."

"Najua."

"Kwa sababu hapa imeandikwa uwashi. Mimi nilikuwa nimekupangia..." Alifunua faili. "Basi tutabadilisha. Utasaidia upande wa jikoni, na akina mama."

"Mwalimu Ndirangu," Tumu alisema, "kwani ukuta hujengwa kwa ndevu? Zamu yangu ya kupika ikifika nitapika, kama Wazungu watakavyopika zamu yao ikifika. Siku nyingine niko kwenye msingi."

Ndirangu alifunga faili. Hakuwa mtu wa kugombana, na Tumu alikwisha kumpita akienda kutafuta sepeto.

Wenyeji waliowaita walikuwa kikundi cha akina mama wa Mkwajuni. Mwenyekiti wao, Kahonzi, alikuwa mama wa Kigiriama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, aliyevaa hando yake, sketi ya marinda ya Kigiriama, kila siku ya kazi, na sauti yake ilisikika mbali bila yeye kupiga kelele. Tangu siku ya kwanza alimwita Tumu "mdzomba", jina ambalo Wagiriama wanawaita Waswahili wa miji ya pwani. Siku ya pili alisimama ukingoni mwa mtaro wa msingi akimwangalia.

"Mdzomba huyu," aliwaambia wenzake, "anachimba kama ana shamba lake humu."

Walichimba siku nne. Tumu alivuta uzi, akapima pembe, akawaonyesha wageni namna ya kushika mwiko. Aliyejifunza upesi kuliko wote alikuwa msichana wa Kipolandi, Halina, mtoto wa fundi wa meli, mwenye mabega mapana na ngozi iliyoungua na jua siku ile ile aliyofika. Walizungumza kwa Kiingereza kibovu cha pande zote mbili na wakaelewana vizuri sana.

Siku ya tano yalisubiriwa mawe. Wanaume wa Mkwajuni na wana wao walikuwa wameyachonga wenyewe kwenye timbo miezi minane, siku moja kila juma, mawe mazuri meupe zaidi ya mia nne. Lori lilikuwa lije liyalete. Lori lilikuja, lakini halikufika Mkwajuni. Lilisimama Njia Panda, maili moja kabla, likamwaga mawe yote hapo mbele ya duka na mashine ya kusaga mahindi ya bwana Kaingu. Bwana Kaingu ndiye aliyekuwa naibu wa chifu.

Jioni ile ile alikuja kambini kwa baiskeli, amevaa kofia yake ya kazi. Alimwambia Ndirangu kwamba mahali pa zahanati pamebadilishwa. Itajengwa Njia Panda, penye watu na barabara.

"Lakini msingi tumeshachimba," Ndirangu alisema.

"Mtachimba mwingine. Si mna vijana?" Kaingu aliwatabasamia Wazungu, akapanda baiskeli yake.

Kahonzi aliletewa habari akiwa anatwanga. Aliweka mchi chini, akaenda hadi shuleni. Kati ya Mkwajuni na Njia Panda kulikuwa na korongo, akawaeleza wageni, na Tumu akatafsiri. Wakati wa kiangazi unalivuka kwa miguu bila kulowesha kisigino. Mvua zikinyesha hujaa kwa saa moja na hukaa limejaa siku tatu, nne. Mwaka juzi mke wa mwanawe alishikwa na uchungu mwezi wa Mei. Walimbeba kwa kitanda mpaka ukingoni, na pale ukingoni wakakaa naye siku nzima na nusu wakiyatazama maji. Kahonzi hakusema kilichofuata. Alisema tu, "Zahanati ikiwa ng'ambo ile, ni ya nani?"

Asubuhi Ndirangu aliitisha mkutano wa kambi darasani. Alisimama mbele ya ubao na faili lake.

"Nawasikitikia sana hawa akina mama," alisema. "Lakini kanuni ya saba inasema wajitoleaji hawaingii katika siasa za mahali. Sisi ni wageni wa serikali. Wenzetu hawa wana viza. Mtu mmoja tu akiandika barua, kambi inafungwa, na si hii tu, kambi zote."

"Walioandika kutuomba tuje ni nani?" Tumu aliuliza.

"Ni kikundi cha akina mama."

"Kaingu alikuomba?"

"Dada Tumu, usifanye jambo hili liwe gumu."

"Ni rahisi. Nauliza tu aliyeniita kazini ni nani, ili nijue namjengea nani."

Halina aliinua mkono. Alisema kwamba kwao pia, miaka michache nyuma, serikali ilitangaza watu wasikusanyike, na baba yake alifungwa miezi saba kwa sababu alikutwa na wenzake nje ya lango la kazini. Tangu hapo, alisema, akisikia mtu akisema "tusiingie katika siasa" yeye huuliza ni nani ameshaingia. Walipiga kura, na wengi wakaamua kungoja. Ndirangu alifuta miwani yake kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Tumu alimwona, na hasira zake zikapungua kidogo, si zote.

Siku iliyofuata Kaingu aliita baraza Njia Panda. Watu walikaa chini, mawe yakiwa nyuma yake.

"Jiwe hata moja lisiondoke hapa," alisema. "Na nimesikia kuna watu wanapita nyumba kwa nyumba wakichochea. Nawaonya. Mkusanyiko wa watu watano bila kibali ni kosa. Mnajua siku hizi kosa kama hilo linampeleka mtu wapi."

Walijua. Miaka hiyo hapakuwa na mtu asiyejua.

Kahonzi alisimama. "Bwana Kaingu, mimi sikusoma. Umesema watano hawaruhusiwi?"

"Bila kibali, hawaruhusiwi."

"Na wanne?"

Kaingu alicheka, na wazee wa mbele wakacheka naye. "Wanne si mkutano. Wanne ni watu wanaokwenda zao."

"Ahsante," Kahonzi alisema, akaketi.

Kesho yake jua lilipochomoza Tumu alikuwa anapiga mswaki uani mwa shule, aliposikia wimbo kwa mbali. Alitoka hadi njiani. Wanawake wanne walikuwa wanakuja kwa mstari kutoka upande wa Njia Panda, kila mmoja na kata ya leso kichwani na juu ya kata jiwe jeupe. Nyuma yao, kama hatua mia hivi, wanne wengine. Nyuma ya hao, wanne wengine, na vumbi, na wanne. Walipofika kwenye msingi waliinama pamoja, wakayashusha, wakageuka na kurudi kuchukua mengine, wakipishana na waliokuwa wanakuja. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyekaribia kundi la mbele yake.

Kahonzi alikuwa katika kundi la tatu. Shingo yake ilikuwa imesimama kama nguzo, na jasho lilimtiririka mpaka kwenye marinda ya hando.

"Mama, mko wangapi?" Tumu aliuliza, akitembea kando yake.

"Wanne. Huoni?"

"Nauliza wote."

"Sisi hatuna wote, mdzomba. Tuko wanne, na wale nao wanakwenda zao." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sitini na saba. Lakini kundi la mwisho lina watatu. Hesabu haikukaa sawa."

Tumu alirudi darasani. Alivua buibui lake, akajifunga leso kiunoni juu ya suruali, akakunja nyingine ikawa kata. Ndirangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Ukienda huko, unakwenda kama wewe mwenyewe," alisema. "Si kama kambi."

"Nilikuja kama mimi mwenyewe, mwalimu."

Jiwe la kwanza lilimwelemea. Alikuwa amezoea kuyainua mawe, kuyageuza, kuyagonga mpaka yakae, lakini kulitembeza jiwe moja kichwani maili moja ni kazi nyingine. Wenzake watatu, wale wa kundi la mwisho, asiowajua majina, walimfundisha njiani: asiangalie chini, asibane pumzi, asiiache shingo ikacheza. Walipovuka korongo alilishika jiwe kwa mikono miwili. Alipofika alilia kidogo kwa maumivu, akafuta uso, akarudi Njia Panda.

Ilikuwa safari ya tatu ndipo Kaingu alipotokea kwa mbio, na askari wawili nyuma yake. Mwanzoni, akiwaona kwa mbali, alikuwa amedhani ni wanawake wanaokwenda shamba. Sasa lile rundo la mawe lilikuwa limebaki nusu. Alisimama katikati ya njia.

"Simameni!"

Wanne wa mbele walisimama. Wanne wa nyuma yao nao wakasimama hapo hapo walipo, hatua mia nyuma. Na wa nyuma yao, na wa nyuma yao, njia nzima mpaka kwenye kona. Hakuna aliyeshusha jiwe.

"Huu ni mkutano haramu!"

"Tuko wanne," Kahonzi alisema. Safari hii alikuwa kundi la mbele.

"Na hao nyuma?"

"Hao siwajui. Waulize."

Mmoja wa askari, koplo mtu mzima, aligeuza uso kuficha kicheko. Kaingu alimwona, na hapo ndipo alipoharibikiwa. Alinyoosha mkono akalisukuma jiwe lililokuwa kichwani mwa Kahonzi. Lilianguka, likapasuka vipande viwili, kimoja kikamgonga Kahonzi mguuni. Damu ilitoka. Aliutazama mguu, akalitazama jiwe.

"Mwanangu Garama alilichonga hili," alisema. "Sasa niambie, bwana Kaingu, mimi nimevunja sheria gani, na wewe umevunja nini?"

"Mkamateni!"

Walimpeleka kwenye kituo cha askari, akichechemea. Tumu, aliyekuwa kundi la mwisho, alimwona akipita. Alitaka kushusha jiwe akimbie nyuma yao. Kahonzi alimkazia macho.

"Usishushe," alisema. "Ukishusha hapa nani atakutwika?"

Basi hawakushusha. Kaingu aliondoka na mfungwa wake, akiamini kwamba kichwa kikiondoka mwili utalala. Njia ikaanza kutembea tena. Kufika alasiri hapakuwa na jiwe Njia Panda wala njiani, isipokuwa lile lililovunjika, na hilo nalo mtu alikuja akalichukua, vipande vyote viwili.

Kwenye msingi Tumu alikuta jambo ambalo hakulitarajia. Halina na vijana wengine watano wa kambi walikuwa wamekoroga mchanga na saruji, na uzi ulikuwa umeshavutwa. Ndirangu alikuwa amekaa pembeni juu ya karai lililopinduliwa.

"Kanuni ya saba?" Tumu alimuuliza.

"Kanuni inasema tusiingie katika siasa," Ndirangu alijibu bila kumtazama. "Haisemi mawe yakiletwa mahali pa kazi tuyakatae. Nimeisoma tena mara tatu." Akanyanyuka. "Anza kona yako kabla sijabadilisha mawazo."

Kahonzi alilala kituoni. Asubuhi wanawake wanne walifika pale na uji. Waliomba kumwona mama yao, wakaambiwa hapana, wakaondoka kwa adabu. Kabla hawajafika njiani wakaja wanne wengine, na uji mwingine, na ombi lile lile. Kisha wanne. Koplo alijibu kila kundi. Kufika adhuhuri sauti ilimkauka. Mezani palikuwa na vibuyu kumi na moja vya uji, na wanne walikuwa mlangoni, na wanne walikuwa kwenye kona. Ilikuwa hivyo siku hiyo na siku iliyofuata. Siku ya tatu asubuhi koplo alikwenda kwa Kaingu akamwambia yeye ni askari, si mpishi wala tarishi, na kama kuna mashtaka yaandikwe, na kama hakuna, mama atoke. Mashtaka hayakuandikika. Karatasini ingebidi iandikwe kwamba mwanamke alikutwa amebeba jiwe.

Kahonzi alitoka na mguu uliovimba. Alikataa kubebwa. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta, ambao ulikuwa umefika kiunoni, akaupapasa kwa kiganja.

"Nani aliweka hili?" aliuliza juu ya jiwe moja lililotokeza kidogo.

"Halina," Tumu alisema.

"Mwambie akitaka kuolewa huku ajifunze kuweka sawa."

Halina alitafsiriwa maneno hayo, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalibomoa lile jiwe na kuliweka upya.

Juma la nne ndilo lililoleta barua kutoka Nairobi. Kaingu naye alijua kuandika. Chama kiliamuru kazi isimame mpaka mgogoro utatuliwe, na kambi ihamishiwe Kikambala kwa siku zilizobaki, wapake rangi shule ya chekechea karibu na hoteli za ufukweni. Ndirangu aliisoma barua mbele ya wote kwa sauti iliyofifia. Ukuta ulikuwa umefika usawa wa madirisha.

Halina alisema haendi. Kahonzi ndiye aliyemgeuza. Alimwita kando, na Tumu akasimama kati yao kutafsiri.

"Wewe nenda, mwanangu. Wakikufukuza nchi, watasema Mkwajuni ndiyo iliyokuponza, na hawataleta mtu tena. Umefanya kazi yako. Iliyobaki ni yetu."

"Siyo haki," Halina alisema.

"Hakuna aliyesema ni haki."

Walikumbatiana, yule mrefu na yule mfupi, na lori likapiga honi. Ndirangu alikuwa anahesabu mizigo. Sepeto, miiko, makarai, pima maji, vyote vilikuwa mali ya chama na vilitakiwa vipakiwe. Alisimama mbele ya ile chungu ya vifaa. Kisha akatoa kalamu, akaandika kwenye karatasi yake, akisema maneno polepole kama anayeandika imla darasani: "Vifaa vimebaki chini ya ulinzi wa wenyeji mpaka vitakapofuatwa." Alimkabidhi Kahonzi nakala.

"Vitafuatwa lini?" Tumu aliuliza.

"Mimi si mtu wa usafiri," Ndirangu alisema. "Haya, panda. Umebaki wewe."

"Sipandi."

Alimwangalia. "Nitalazimika kuandika kwamba umeiacha kambi."

"Andika kwamba kambi imeniacha mimi. Mimi niko hapa hapa nilipoletwa."

Ndirangu aliguna, akampa mkono, na lori likaondoka. Vumbi lilipotulia, Tumu alishika mwiko. Kikundi kilijipanga upya: kumi na wawili wanachota maji, ishirini mchanga, vijana wawili wa kutwika. Kila saa ya kazi walikuwa wanne wanne, hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuwahesabu.

Baba yake alifika siku ya sita. Habari zilikuwa zimemfikia Mambrui zikiwa zimenona njiani. Tumu alimwona kwa mbali, kanzu na kofia, amebeba mfuko wake wa kazi. Alishuka kwenye jukwaa la miti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Chukua vitu vyako."

"Baba..."

"Wageni walioletwa na barua wamekwenda. Barua uliyonionyesha ilisema majuma matano, na kiongozi, na wasichana wenzako. Sasa mjini wananiuliza binti yangu amekaa msituni kwa shughuli gani. Niwajibu nini?"

"Wajibu ninajenga."

"Kwa idhini ya nani?"

Tumu alipangusa mikono. "Baba, miaka mitano nimejenga nyuma ya jina lako. Sikulalamika, kwa sababu jina ni lako na kazi ulinifundisha wewe. Lakini ukuta huu ni wangu. Ukinivuta mkono nitakuja, kwa kuwa wewe ni mzazi wangu. Kwa miguu yangu mwenyewe siji."

Fundi Athman alipita kando ya binti yake, akafungua mfuko, akatoa timazi, uzi wenye risasi wa kupimia wima, akaiteremsha kwenye kona ya mashariki. Alifumba jicho moja. Akaenda kona ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne alikaa muda mrefu.

"Hii imetoka nje. Nusu kidole."

"Wapi?"

"Juu hapa. Mistari mitatu ya mwisho. Ulikuwa na haraka."

Tumu alitazama. Kweli. Tangu siku ile lori lilipoichukua kambi alikuwa akijenga kwa hasira. Alipanda jukwaani, akachukua nyundo, akaanza kuibomoa mistari ile mitatu, akiyapitisha mawe chini moja moja. Baba yake alimtazama akifika mstari wa pili.

"Unabomoa?"

"Si umesema imetoka?"

Mzee alikunja timazi yake. Alikubali maji ya kunywa kutoka kwa Kahonzi, wakaulizana hali za watu wa nyumbani, kisha akasimama kuondoka. Mfuko wa Tumu haukuulizwa tena.

"Linta usiimwage bila mimi," alisema. "Utanipelekea habari siku mbili kabla." Akashika njia.

Linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha na milango, ilimwagwa mwishoni mwa Septemba, na Fundi Athman alikuwepo, akifoka kuanzia asubuhi mpaka jioni. Oktoba alikuja mkuu wa tarafa kwenye ziara, Kaingu akiwa mbele yake akimsafishia njia. Mkuu alisimama mbele ya kuta nne nyeupe zisizo na paa.

"Kazi nzuri," alisema. "Ni nani aliyeisimamia?"

"Mimi na wananchi wangu, mheshimiwa," Kaingu alianza, "tuliona kwamba..."

"Mheshimiwa," Kahonzi alisema, "huyu ndiye aliyeyamwaga mawe haya Njia Panda, akaniangushia moja mguuni. Kovu ninalo. Ukitaka waliojenga, wako hapa, lakini uwahesabu taratibu, kwa sababu hatuna kibali."

Alikunja hando kidogo akaonyesha mguu. Mkuu wa tarafa alimtazama Kaingu, akautazama mguu, akazitazama kuta. Kuta hazikuwa na mahali pengine pa kwenda. Alisema serikali italeta mabati. Mabati hayakuja mwaka huo wala mwaka uliofuata wote. Akina mama waliezeka kwa makuti, na muuguzi akawa anakuja kila Jumanne kwa pikipiki. Kaingu aliendelea na cheo chake. Kila alipopita njia ile alitazama upande wa pili.

Barua ya mwisho ya chama ilimfikia Tumu Novemba, pale pale Mkwajuni, akiwa anapiga lipu chumba cha kujifungulia. Alimsomea Kahonzi. Ilisema kwamba kwa kukiuka kanuni ya saba na kukataa agizo la kuhama, jina lake limefutwa katika orodha ya wajitoleaji.

"Mjitoleaji ni nani hasa?" Kahonzi aliuliza. "Neno hili nalisikia tangu mlipofika."

"Ni mtu anayefanya kazi kwa hiari yake, bila kulazimishwa na bila kulipwa."

Kahonzi aliigusa barua kwa kidole.

"Basi wanakufutaje?"

Tumu alikunja barua, akaitia mfukoni. Lipu ilikuwa imeanza kukauka kwenye karai. Aliongeza maji kidogo, akaikoroga, akarudi ukutani. Juma lililofuata wanawake wawili walifika kutoka Marereni, wake wa vibarua wa mashamba ya chumvi, wakiuliza yule fundi wa kike yuko wapi. Walikuwa na kiwanja, walisema, na kuna mtu mmoja mkubwa asiyetaka kijengwe.

"Mko wangapi?" Tumu aliwauliza.